Mkia wa Waziri

Mbwa mwenyewe ni wa kuwindia ndege, ila ndege pekee aliyewahi kumkaribia ni yule wa kukaanga. Ana manyoya marefu masikioni, nyuma ya miguu na mkiani, yananing'inia kama pindo za pazia. Kwa kuwa anakula vizuri na kazi yake haijulikani, mzee anayemtunza alimbatiza Waziri.

Zamani aliyemchana alikuwa mke wa mzee. Miaka saba, kila asubuhi: nchani kwanza, kisha kupanda taratibu kuelekea shinani. Mama huyo alipofariki, nguo zake ndugu waligawana kabla matanga hayajapoa. Mkia haukugawanyika. Mzee akaurithi, na kila akiushika huona bado kashika kazi ya mikono ya marehemu.

Basi akaenda siku tatu kumtazama binti yake aliyejifungua. Kurudi, akamkuta Waziri kalowa chapachapa, mkia umekaza vifundo kama kamba ya mbuzi, na mkurugenzi, mwenye mbwa, kasimama na mpira wa maji.

"Nimekupunguzia kazi, mzee. Alikuwa anagaagaa bustanini, nimemwosha mwenyewe."

"Ulimchana kwanza, bosi?"

"Nimchane mchafu?"

Mzee akaushika mkia. Manyoya yaliyosokotana yakipata maji kabla ya kitana, yamekwisha. Lakini wakubwa ndivyo walivyo: wakiharibu wanaita msaada, na wewe ushukuru.

"Wageni wanafika saa sita kumwona," bosi akasema. "Nyoa huo mkia yaishe."

"Ukinyolewa hauoti tena ulivyokuwa."

"Mashine iko mezani. Nikirudi nikute umenyoa, au nikukute umefungasha."

Mzee akaichukua mashine, akaifungia kabatini. Akamkausha mbwa kwa taulo, akaenda jikoni kuchota unga wa wanga. Hiyo ilikuwa dawa ya marehemu: paka unga fundo liteleze, lifungue kwa vidole, kitana baadaye.

"Tulia, mheshimiwa," akamwambia. "Wenzako wakichafuka hawaguswi hata unywele. Wewe umechafuka matope tu, unataka kunyolewa."

Waziri akapiga miayo, jibu la kiserikali kabisa.

Vidole vikafa ganzi. Fundo la mwisho lilipoachia, bosi akaingia na suti nyeusi, akamnyakua mbwa kwa kamba, hata mkia hakuutazama.

"Bado unga haujatoka, bosi."

"Unanifundisha mbwa wangu?"

"Hapana. Nakuarifu."

Barazani, mbele ya wageni, Waziri akapanua miguu, akajikung'uta kuanzia masikioni hadi mkiani. Wingu likapanda. Liliposhuka, mkurugenzi alikuwa kama mtu wa kinu cha kusagia, anakohoa. Mkia nao ulikuwa unapepea, mrefu, laini, hauna hata fundo.

Mgeni mmoja, mama wa makamo, akauinua kwa kiganja. "Huu mkia nani anauchana?"

Bosi akafungua mdomo, kikohozi kikamuwahi.

"Mke wangu," mzee akasema.