Vichwa vya Kupashia Kalibu

Jumatano ya tarehe 9 Mei 1973, saa tatu asubuhi, Verna Huckaby alianika shuka sita nyeupe nyuma ya nyumba yake, pale Pruett Fork, Missouri. Saa sita alianua shuka sita za kijivu. Akazifua tena, akazianika tena, zikarudi kijivu tena. Asubuhi hiyo mifuko ya kuchujia moshi iliungua katika kiwanda cha kuyeyushia madini ya risasi, na wakubwa wakaona kwamba tanuri likizimwa mzigo wa reli utachelewa. Basi likaachwa liwake. Jioni Verna alimwuliza mumewe, Dolph, aliyekuwa mchochea moto wa tanuri hilohilo, uchafu ule ni wa nini. Dolph alivulia buti zake jikoni, akasema ni vumbi la barabarani.

Mifuko mingine ililetwa baada ya miezi mitano, kwa sababu waliotakiwa kuileta hawakuwa wakifua shuka. Verna aliendelea kufua nguo za kazi za mumewe, akizikung'uta kwanza dirishani. Alikufa Februari ya mwaka 1987. Daktari aliandika figo. Lakini Verna alikufa kwa risasi, na hakuna aliyefyatua bunduki.

Mwezi wa Aprili vitu vya fundi bunduki mmoja marehemu vilitolewa uani kwake vichukuliwe kwa kubadilishana. Dolph alitoa msumeno wake wa moto akapewa sanduku la mbao. Ndani mlikuwa na upawa, kalibu ya chuma yenye mipini iliyoungua, na mashine ya kupakia mafuta vichwa vya risasi, yenye mkono mrefu na skrubu juu, ya zamani za kabla ya vita vya kwanza. Mafuta yaliyomo yalikuwa yamekauka yakawa kama lami. Dolph aliichemsha mashine kwa maji ya sabuni, akaisugua kwa mafuta ya taa, akaijaza nta mpya iliyochanganywa na shahamu ya ng'ombe na unga wa makaa. Kalibu aliifukiza kwa kiberiti mpaka ikawa nyeusi ndani.

Pruett Fork kila mwindaji huyeyusha vichwa vya risasi zake mwenyewe, na kila mmoja anajua kwamba kumi vya kwanza havifai. Kalibu inakuwa baridi bado, vichwa vinatoka na mikunjo kama uso wa kizee. Huitwa vya kupashia. Hurudishwa kwenye sufuria bila kutazamwa. Dolph alikuwa amevirudisha bila kuvitazama kwa miaka arobaini.

Risasi ya kuyeyusha alikuwa nayo. Krismasi kiwanda kilikuwa kikimpa kila mfanyakazi mche mmoja wa risasi na salamu za heri. Verna alikuwa akitumia mmoja kuzuilia mlango wa jikoni. Dolph alianza na huo.

Hakutaka kuharibu vichwa vizuri kwa kuijaribu mashine, kwa hiyo alichukua kimoja cha kupashia. Akavuta mkono, mafuta yakaingia kwenye mifuo na kwenye mikunjo, akakifuta kwa kitambaa. Mikunjo ilikuwa herufi. Mwandiko ulikuwa wa Verna, na ile j yake yenye mkia kama ndoana. Kiliandikwa: *Vua buti nje.*

Dolph alikwenda kuchukua miwani. Aliishia darasa la nne, na kusoma kwake kulikuwa kwa kidole. Akasoma mara ya pili. Kisha akavua buti, akaziweka nje ya mlango wa banda, akarudi na soksi kuendelea na kazi.

Jirani yake, Lonnie Sprague, alipita siku ya tatu kunywa kahawa.

“We Dolph, mikunjo yote hii? Marehemu bibi yangu na mtoto wake wa jicho alikuwa anatoa vichwa vizuri kuliko hivi!”

“Soma.”

Lonnie alikisogeza kimoja kwenye mwanga. “Huyu Verna huyu.”

“Ndiye.”

“Anasema nilirudisha ngazi yenu?”

“Anasema hukurudisha.”

Lonnie alimaliza kahawa yake. “Nitaileta kesho. Lakini kalibu, ndugu yangu, ipashe moto. Unatutia aibu mtaa mzima.”

Dolph alijaribu kuipasha. Vichwa vilitoka laini, vinang'aa, wala havikusema neno. Basi akajifunza kufanya kazi vibaya. Kila baada ya kumimina aliilaza kalibu juu ya jiwe la kivulini mpaka ipoe, naye akikaa kando kwa subira kama mtu anayengoja mgonjwa aamke. Kwa njia hiyo Verna alisema mengi. *Tarehe 20 Juni nesi wa kampuni kanitoa damu, kasema nile maini. Ufizi una mstari wa buluu. Vidole havishiki tena vibanio vya kamba.* Dolph alivipanga vichwa kwa tarehe ndani ya kopo la kahawa.

Mwezi wa Juni baraza la kaunti lilikaa katika ukumbi wa zimamoto ili kuandika orodha ya waliouawa na kiwanda. Majina yalitolewa kwenye daftari la wafanyakazi, na aliyefulia wafanyakazi hakuwemo. Dolph hakutaka hata senti. Alitaka mstari mmoja wenye jina la mkewe. Mwenyekiti alikuwa Merle Stroud, mtu mwenye shati safi, mwindaji kama wengine.

“Bwana Huckaby, tunasikitika na msiba wako.”

“Mnasikitika tangu sabini na tatu. ” Dolph akaweka kopo mezani. “Soma hivi.”

Stroud alimwaga kopo juu ya kitambaa cha meza, akavaa miwani, akasoma vitano bila haraka. Akawapa wenzake nao wakasoma. Mmoja aliomba sukari ya kahawa yake.

“Mwandiko ni wake,” Stroud alisema. “Aliwafundisha binti zangu shule ya Jumapili.”

“Basi mwandike.”

Stroud alikizungusha kichwa kimoja kati ya vidole. “Kalibu ilikuwa baridi, Dolph.”

“Ndiyo.”

“Hivi ni vya kupashia. Vya kupashia vinakwenda wapi, wewe mzee mzima hujui? Tukipokea hivi, kesho kila mtu ataniletea takataka za bandani kwake.”

“Vilivyo laini havisemi kitu, Merle.”

“Niletee hata kimoja. Kimoja tu kilicho laini, chenye mwandiko wake, nitamwandika papo hapo. Mimi si mtu mbaya.”

Karani aliandika kwamba vichwa vinavyokubalika havikuwa na malalamiko yoyote. Orodha ilibandikwa posta Ijumaa. Ilikuwa na wanaume thelathini na mmoja, mmoja wao yu hai bado na anauza chambo cha samaki karibu na daraja. Chini iliachwa nafasi ya jina moja.

Dolph alirudi nyumbani, akavua buti nje, akawasha jiko la bandani. Kilikuwa kimebaki kipande kidogo cha ule mche wa mlangoni. Akamimina, akapaka mafuta, akafuta. *Dolph, wewe ulijua saa ngapi?*

Siku ile ya shuka aliingia zamu saa moja. Saa moja na nusu alipanda ngazi, akaiona mifuko inavyoteketea. Msimamizi alimwambia ashuke na afunge mdomo, naye akashuka. Kutoka tanurini mpaka kwake ni dakika kumi kwa miguu.

Alikirudisha kichwa kwenye sufuria bila kukitazama tena, kama vinavyorudishwa vyote vya kupashia. Cha pili kikauliza vilevile. Akaacha kuipoza kalibu. Akamimina haraka haraka, akirudisha na kumimina, mpaka mipini ikamchoma viganja. Kwenye cha ishirini hivi kalibu ilikuwa moto sawasawa. Kichwa kilianguka juu ya taulo kikiwa laini, kinang'aa, hakina mkunjo hata mmoja, kama vya dukani. Akakipitisha kwenye mashine, akakifuta. Herufi zilikuwa zimenyooka na zinasomeka kwa mbali.

Lonnie alipokuja hatimaye kurudisha ngazi alikikuta dirishani. Akakisoma, akakipima mkononi.

“Kwa hiki hata Stroud hana la kusema,” alisema. “Utampelekea?”

Dolph alikuwa akiosha upawa.

Ofisi ya Stroud hufunguliwa Jumatatu hadi Ijumaa. Nafasi kwenye orodha ingalipo, karatasi tu ndiyo imegeuka njano kwa jua. Kichwa nacho kipo palepale dirishani, na kila asubuhi, kwa mwandiko mzuri wa mwalimu wa shule ya Jumapili, kinamwuliza mwenye nyumba: wewe ulijua saa ngapi?