Mkasi wa Kitambaa

Majoho ya kwaya yalikuwa kumi, ya bluu, na fundi alikuwa amebakiza moja tu, la binti yake. Safari ya kupeleka Injili ng'ambo ilikuwa Alhamisi. Hii ilikuwa Jumatatu asubuhi. Binti alikuwa akiandika majina kwenye vikaratasi vya kubandika kwenye mizigo. Akanyoosha mkono kuchukua mkasi mkubwa.

"Weka chini! Mkasi wa kitambaa haukati karatasi, utapoteza makali. Nikuambie mara ngapi?"

"Utadhani umeuoa, baba."

"Heri huu. Hauna vikao wala kamati. Njoo mkekani nikupime."

Alipoanza kubana mkono wa joho kwa pini, akauliza kama anavyomuuliza kila msafiri anayempima, maana wale tisa aliwashonea kwa vipimo vya zamani: "Umechomwa upande gani, mama, nisije nikakutonesha?" Majuma mawili nyuma, mchungaji aliruka kwa pini hizo hizo: "Taratibu, fundi, chanjo ya jana hiyo!"

"Sijachomwa."

"Hujachomwa vipi?"

"Si katibu wa safari alileta kadi za chanjo zimeshagongwa mihuri? Kwaya nzima. Alisema foleni ya zahanati itatukatizia mazoezi. Kinachotazamwa uwanja wa ndege ni kadi, baba, si mkono."

Fundi akatoa pini mdomoni, moja moja. Miaka mitatu iliyopita mkewe alisimama juu ya mkeka huo huo, kwa safari kama hiyo. Alimuuliza upande gani, mama wa watu akacheka: "Shona wewe, mambo ya kadi wakubwa wameshamaliza." Naye akashona. Homa ya manjano ikammaliza huko huko kwa siku sita. Akarudi ndani ya sanduku, joho limekunjwa juu yake, na wakubwa wakaja na maua na maneno ya Bwana ametoa, Bwana ametwaa. Habari ya muhuri hawakuitia mdomoni.

Akamshika binti mkono mpaka ofisi ya kanisa.

"Karibu, fundi," katibu akasema. "Majoho tayari?"

"Mchungaji umemchoma mkononi. Watoto wetu umewachoma kwenye karatasi?"

Katibu akainuka, akafunga mlango. "Punguza sauti, mzee wangu. Mwaka huu huko ni shwari. Na marehemu siku zake zilikuwa zimefika."

"Siku zake ulizigonga muhuri wewe."

"Basi wakachomwe leo!"

"Muuguzi aliniambia msibani: chanjo inataka siku kumi ndipo ishike. Zimebaki tatu."

"Kwa hiyo kazi ya Bwana isimame kwa ajili ya sindano?"

Ukumbini aliwaeleza wanakwaya hayo hayo; walimsikiliza kwa adabu, kisha waimbaji wa sauti ya pili wakaangua kicheko. "Fundi, aliyetuita atatulinda. Wewe tuletee majoho tu." Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na wasioumwa humcheka.

Njiani binti hakumtazama. "Umeniaibisha. Mama alikwenda, na mimi nakwenda."

Walipofika nyumbani aliendelea kupanga begi lake. Kadi ya njano ilikuwa juu ya meza ya kukatia, kando ya pasipoti. Fundi akaichukua. Akachukua mkasi. Binti aligeuka aliposikia mlio, kwa maana tangu utotoni hakuwahi kuusikia mkasi ule ukikata karatasi. Ulikata mara mbili, kwa urefu na kwa upana, na muhuri ukaanguka vipande vinne.

Binti aliinama, akaviokota vipande.

"Mama usingemfanyia hivi."

"Sikumfanyia," fundi akasema. "Ndiyo maana hayupo."

Binti alibeba begi lake kwenda kwa shangazi yake. Alhamisi kwaya iliondoka watu tisa, wakiimba tangu mlango wa kanisa, na katibu akapunga mkono mpaka gari likakata kona. Shangazi alileta ujumbe: mtoto anasema hana baba.

Fundi alitandika kitambaa cha mteja, akakichora chaki, akaanza kukata. Mkasi ulikitafuna. Akaunoa, akajaribu tena, nao ukakitafuna vile vile.