Ghorofa Chini ya Mabati

Ujumbe wa Mama Asli uliletwa na dereva wa basi, na haukuwa na salamu. Mama Asli, mama mkwe wa Yakub, aliishi Isiolo. Alikuwa amesikia kwamba binti yake Hibo, mwenye mimba ya miezi saba, analala katika chumba cha nyuma ya duka la mumewe, katikati ya magunia ya sukari.

"Amesema hivi," alieleza dereva, akiwa amesimama wima kama anayetoa ushahidi. "Anakuja Migori baada ya wiki tatu. Akimkuta binti yake analala mahali pa watu, atamwacha. Akimkuta analala mahali pa sukari, atarudi naye, na mtoto atazaliwa Isiolo."

"Hakusema lingine?"

"Alisema nisiache neno hata moja. Nimelirudia njia nzima mpaka abiria nao wanalijua."

Yakub alikaa juu ya gunia. Alikuwa amemngoja mtoto huyu kwa miaka sita. Duka lilikuwa lake peke yake na hakuwa na mtu wa kumwachia. Mtoto akizaliwa Isiolo, yeye angemwona akiwa tayari ana meno. Alitafuta nyumba ya kupanga mjini siku mbili, akakuta zote zina watu. Siku ya tatu alilala chali akatazama juu, na hapo ndipo alipoiona dari.

Jengo lenyewe lilikuwa la zamani, na mwenye kulijenga aliinua paa kana kwamba alikusudia kuweka kengele. Kati ya mbao za dari na mabati palikuwa na nafasi ambayo mtu mzima angeweza kusimama bila kuinama, angalau katikati. Tangu zamani nafasi hiyo ilitumiwa na popo.

Yakub alimwita Machuki, fundi wa mbao kutoka Kegonga. Machuki alikuwa Msabato, mtu wa maneno machache, na sifa yake ilikuwa kwamba hajawahi kuacha msumari uliopinda. Alipanda, akakaa huko juu kwa muda mrefu, kisha akashuka na utando wa buibui kwenye nyusi.

"Bosi, huko juu kuna nyumba kabisa," alisema.

"Itanigharimu kiasi gani?"

"Kwanza nipatie maji."

Alikunywa polepole, akarudisha kikombe, ndipo akasema shilingi elfu kumi na nne. Yakub alielewa ni kwa nini maji yalitangulia.

Mpango ulikuwa rahisi. Ngazi ingepanda kutoka chumba cha nyuma, ipite kwenye tundu la dari na kutokea juu. Huko juu pangekuwa na chumba cha Yakub na Hibo, na pembeni kijichumba cha mgeni, kilichotengwa kwa ubao mwembamba. Yakub hakusema mgeni ni nani. Hakuona kama jambo hilo linamhusu fundi.

Siku ya pili Machuki aligonga dari kwa nyundo, akatikisa kichwa. "Dari hii ilijengwa kubeba vumbi, bosi. Wewe unataka ibebe mama mwenye mimba." Boriti mpya zikaongeza elfu tatu. Siku ya tatu ilionekana kwamba chumba hakina dirisha. Siku ya nne Yakub mwenyewe alipanda saa sita mchana ili aone kazi inavyokwenda, akashuka kama mtu aliyetoka kuoga na nguo zake. Ikabidi chini ya mabati kuwekwe mbao za kuzuia joto. Kufikia mwisho wa wiki ya kwanza, elfu kumi na nne ilikuwa imekua na kuwa elfu ishirini na mbili na mia tano. Yakub akauza pikipiki yake kwa Abdirahim, muuza vitambaa wa duka la jirani, ambaye aliinunua kwa furaha isiyo ya kirafiki.

Hata wiki yenyewe ilikuwa fupi. Ijumaa mchana Yakub alifunga duka na kwenda msikitini, na kazi ya fundi nayo ilisimama. Jua la Ijumaa lilipozama, Machuki alianza Sabato yake. Jumapili mwenye karakana ya kuranda mbao alikuwa kwenye misa. Yakub alipiga hesabu akagundua kwamba kati ya wiki tatu alizopewa na mama mkwe, dini zilikuwa zimechukua moja.

Katika wiki ya tatu Machuki alikataa kutoboa ukuta kwa ajili ya dirisha bila neno la mwenye nyumba. Mwenye nyumba, Mzee Oyaro, aliishi Homa Bay. Yakub alifunga duka, akamwachia Hibo ufunguo, akafika huko Jumatano, akaambiwa mzee amekwenda mazishini na atarudi kesho. Alimpata Alhamisi jioni. Mzee Oyaro alimkaribisha, akamlisha samaki ngege mzima kwa ugali, akamsikiliza mpaka mwisho.

"Omera, ndugu yangu," alisema mzee, akinawa mikono, "nilikukodisha duka moja. Sasa unaniambia ni mawili."

"Ni lile lile, mzee. Nafasi ilikuwepo, popo walikuwa wanaitumia."

"Na popo walikuwa hawalipi. Hilo lilikuwa kosa langu. Wewe utalipa mia tano zaidi kila mwezi."

"Lakini ninajenga kwa pesa yangu!"

"Na unajenga vizuri, nimesikia. Ndiyo maana nasema mia tano. Ungejenga vibaya ningesema mia tatu."

Yakub alimpigia Machuki simu usiku huo kumpa ruhusa ya kutoboa, akarudi Migori Ijumaa saa kumi na mbili jioni. Mama Asli alitarajiwa asubuhi iliyofuata. Aliingia chumba cha nyuma akainua macho, na tundu la dari halikuwepo. Lilikuwa limezibwa kwa mbao zilizorandwa vizuri sana. Wala ngazi haikuwepo.

Alimkuta Machuki uani, nyuma ya jengo, akipiga msasa ngazi mpya. Ilikuwa ngazi ndefu, imara, yenye vishikio pande zote mbili, na ilipanda kwa nje mpaka kwenye mlango mpya uliotobolewa ukutani.

"Machuki, umefanya nini?"

Machuki aliweka msasa chini. Alimtazama Yakub kwa huruma, kama anavyotazamwa mtu aliyeokolewa kutoka mtoni.

"Bosi, kwa nini hukuniambia mgeni ni mama mkwe? Bibi yako ndiye aliniambia, alipoleta chai. Aliuliza kama kitanda cha mamake kitaenea. Nilishindwa kumaliza chai."

"Sasa kuna shida gani?"

"Shida gani! Mama mkwe apite kwenye chumba unacholala? Apande ngazi mbele ya macho yako? Halafu mlale naye mkitenganishwa na ubao ninaoweza kuuvunja kwa kidole? Kwetu mzee akisikia nimejenga kitu kama hicho, sitakanyaga Kegonga tena."

"Kwetu sisi si mwiko, Machuki! Mama mkwe ni mama!"

"Hata kwetu ni mama. Ndiyo maana hatumfanyii hivyo." Machuki alishusha sauti. "Nimekusitiri, bosi. Ule ubao nimeutoa. Juu ni kwake, ana mlango wake na komeo yake. Wewe na bibi yako mtalala chini kama zamani. Hamtakutana isipokuwa mkitaka. Ufundi wa ngazi sikutozi, hiyo ni heshima yangu kwako. Lipa mbao na misumari tu, elfu sita na mia nane."

Yakub alishika kishikio cha ngazi. Hakikutikisika hata kidogo, na hilo lilimuumiza zaidi.

"Funga mlango huo na ufungue tundu. Sasa hivi."

Machuki alitazama magharibi, akatia msumeno kwenye mfuko wake. "Jua hilo linazama, bosi. Tutaonana Jumapili."

Mama Asli alifika asubuhi, mwanamke mwembamba mwenye masanduku mawili na mkeka, akakataa kusaidiwa kubeba chochote isipokuwa vyote. Alichungulia chumba cha nyuma, akayahesabu magunia kwa macho. Yakub alihisi mtoto wake akipanda basi la Isiolo. Kutoka chumba cha nyuma hakukuwa na mlango wa kwenda uani, kwa hiyo wote watatu walitoka kwa mbele, wakazunguka duka la Abdirahim, wakapita kichochoro, wakafika kwenye ngazi. Mama Asli alipanda. Hibo alimfuata taratibu, mkono kiunoni. Yakub alibaki chini na masanduku.

Kisigino cha Mama Asli kiligonga sakafu mara tatu. Dirisha lilifunguka, likafungwa, likafunguka. Komeo lilijaribiwa. Hatimaye kichwa chake kikatokea mlangoni.

"Kwa hiyo mwanamke anatoka na kuingia bila kupita mbele ya wateja wako?"

"Ndiyo, mama."

"Na anajifungia mwenyewe?"

"Ndiyo, mama."

"Nani aliyefikiria hili?"

"Tulishauriana."

"Nilidhani binti yangu ameolewa na mtu wa magunia tu. Kumbe una akili." Mama Asli alijishika kiuno. "Hibo haendi Isiolo. Mtoto atazaliwa hapa hapa."

Yakub aliinua mikono kumshukuru Mungu.

"Atalala huku juu pamoja nami. Wewe kaa kwako huko chini."

Mikono ya Yakub iliteremka. "Mpaka lini, mama?"

"Mpaka mtoto atimize siku arobaini."

"Lakini hajazaliwa bado."

"Basi usinihesabishe mapema. Leta masanduku."

Jumapili Yakub alimwomba Machuki afungue tundu kwa bei yoyote atakayotaja. Machuki alijibu kwamba mama mkwe akiwemo, hafungui hata kwa duka zima, na kwamba siku akiondoka atalifungua bure.

Hivyo ndivyo Yakub alivyoishi mwezi mmoja chini ya mke wake. Walisemezana kwa kijiti cha ufagio. Yeye aligonga dari mara moja kuuliza hali, na Hibo akajibu kwa kisigino mara mbili, yaani nzuri. Siku moja aligonga mara nyingi, kwa madaha, akajibiwa na sauti ya Mama Asli: "Hibo amelala. Mimi ni mzima, ahsante."

Uchungu ulianza siku ya Jumanne asubuhi. Mama Asli, aliyezalisha wanawake wengi kwao, alipiga kelele moja tu kutoka dirishani: kwamba asisumbuliwe. Yakub alifunga duka akasimama chumba cha nyuma, uso juu, akifuata nyayo zilizokuwa zikienda na kurudi. Kisha mvua ya mchana ikaangukia mabati, na hakusikia tena chochote. Aligonga kwa ufagio. Aligonga tena. Akautupa ufagio, akatoka mbio kwa mbele, akazunguka kwa Abdirahim, akapita kichochoro na kupanda ngazi ya Machuki mbilimbili.

Mlango ulifunguliwa kabla hajabisha. "Vua viatu," alisema Mama Asli kwa sauti ya juu, ili ashinde mvua. "Msichana."

Hibo alikuwa kitandani, amechoka, anatabasamu. Mama Asli alimfuta Yakub uso na mikono kwa kanga, akamwekea mtoto mikononi. Yakub aliinama kwenye sikio la kulia akaanza kumwadhinia taratibu, kama inavyopasa kwa mtoto mchanga. Mabati yalinguruma. Yeye mwenyewe hakuisikia sauti yake.

"Hasikii huyo!" alipaza sauti Mama Asli. "Baba gani ananong'ona?"

Yakub aliinua kichwa ili asimuumize mtoto sikio, akaongeza sauti, na mvua ikaongeza. Alipofika katikati alikuwa akiadhini kwa nguvu zake zote. Ghafla mvua ikakatika, kama inavyokatika huku, na sauti ya Yakub ikatoka peke yake dirishani, ikapita juu ya soko.

"Yakub!" Abdirahim aliita kutoka uani, mguu mmoja umeshatiwa maji ya udhu. "Alasiri imeingia lini?"

Yakub hakuweza kujibu, kwa kuwa alikuwa hajamaliza. Hibo ndiye aliyejiinua kwa kiwiko, akaita kwa sauti ambayo hata mama yake hakuitarajia:

"Bado, shemeji! Hiyo ni ya binti yetu peke yake! Ngoja yako!"