Maji ya Kupandia Mlima

Ardith alipoondoka Oildale kwenda kukaa kwa dada yake huko juu mlimani Tehachapi, hakuvunja sahani wala hakumtukana mtu. Alimwambia tu mumewe, Verlin Stroud, kwamba amechoka kuishi na mtu asiyesema. Akachukua sanduku, akapanda basi. Miaka yote ile ya ndoa, na bwana huyo amesimama mlangoni na kitambaa cha grisi mkononi, kimya! Mwingine angelikimbilia lile basi. Verlin alirudi gereji.

Usimhukumu haraka. Alimpenda mkewe, tena sana. Lakini wanaume wa visima vya mafuta wa pande zile hawajui kumwambia mtu kwamba wanampenda. Wanajua kumtengenezea breki. Na gari lake, la mwaka sitini na nne, lilikuwa na injini kali iliyozoea petroli nzuri. Petroli ya miaka ile ya uhaba na foleni vituoni ilikuwa dhaifu. Kila alipoushika mlima wa Tehachapi injini iligonga kama misumari ndani ya kopo, naye akageuza njiani, akiogopa kuiua. Kwenda kwa basi? Thubutu! Amfuate mke kama abiria?

Basi akaenda kwa Odell, muuza vyuma chakavu, kutafuta pampu ya hewa, ile ambayo serikali iliyalazimisha magari kuibeba ili ipulize hewa kwenye ekzosi na kupunguza moshi.

Odell alicheka hadi akashika kiuno. "Jamani Verlin! Mji mzima unaing'oa hiyo takataka kwa siri, wewe unakuja kuitafuta? Umelogwa?"

"Si ya moshi. Ya maji."

Mambo hayo Verlin aliyaona kwenye ndege za vita, enzi za ujana wake. Pampu izungushwe na mkanda wa injini, hewa yake iingie kwenye chupa ya maji iliyofungwa vizuri, iyasukume maji kwenye mrija mwembamba hadi kwenye kabureta. Yaingie kama ukungu, injini ipoe tumboni, iache kugonga. Akafunga, akajaribu, ikakubali. Baada ya siku chache kugonga kukarudi palepale. Kufungua, mdomo wa mrija umeziba chokaa nyeupe.

Jumapili baada ya kanisa Ardith alipiga simu, kama kawaida yake.

"Umekula?"

"Nimekula."

"Nini?"

"Maharage ya kopo."

Verlin alitaka kumwambia kwamba maharage hayana ladha, kwamba hata redio haina ladha. Akasema, "Mrija wa maji kwenye gari umeziba. Chokaa."

"Umetia maji ya bomba?"

"Sasa nitie maji gani?"

"Ah, Verlin! Maji ya bomba ya Oildale! Birika hujaliona lilivyo ndani? Mie pasi yangu ya mvuke nilikuwa naitilia maji gani miaka yote?"

"Sijui."

"Ya mvua, bwana wee! Madumu yako nyuma ya mashine ya kufulia. Unayapita kila siku."

Kweli, aliyapita kila siku. Alipoweka simu alikwenda kuyatazama. Yalikuwa yamejaa, safi, yamefunikwa vitambaa, na mashati yake yote aliyowahi kuvaa kanisani yalikuwa yamenyooshwa kwa maji yale. Akakaa chini sakafuni, mtu mzima, akalia.

Jumamosi akauzibua mrija, akajaza chupa maji ya mvua, akaushika mlima. Malori yalikuwa yakikohoa pembeni, na gari lake likapanda tu, halina habari. Haligongi! Verlin akapiga usukani kwa furaha, akageuka kumwambia Ardith. Kiti kilikuwa kitupu.

Ardith alikuwa barazani. "Limefika," akasema.

"Limefika."

Verlin akafungua boneti, akaanza kueleza. Mkanda, chupa, mrija, maji ya mvua. Alisema maneno mengi kuliko aliyosema mwaka mzima. Maxine, dada mtu, akacheka dirishani. "Shemeji, kumbe mdomo unao!"

Ardith alimsikiliza hadi mwisho, kisha akaifunga boneti.

"Pampu nimeielewa. Sasa sema bila pampu."

Verlin akatazama mikono yake. Akatazama barabara. Alijua kwamba akinyamaza sasa atateremka peke yake, na hatapanda tena.

"Nyumba haikaliki," akasema. "Nalala upande wako wa kitanda. Wangu nauacha mtupu, nijidanganye kwamba aliyeondoka ni mimi."

Maxine akaacha kucheka, akaondoka dirishani. Ardith akajifuta macho kwa ncha ya aproni.

"Sijasema narudi," akamwambia. "Hebu rudia."

Akarudia.