Iliki: Tazama Hiliki

Miezi mitatu baada ya kustaafu, karani wa masjala alikuwa ameshapanga kila kitu nyumbani isipokuwa jikoni. Viatu vilijipanga kwa ukubwa, funguo zilikuwa na namba, na soksi zake alizifunga mbili mbili kwa utepe, kama majalada. Majirani walimwita Masjala, naye jina hilo alilipenda kuliko lile alilopewa na wazazi. Kwa miaka thelathini na moja watu wazima walimbembeleza awatafutie karatasi zao. Sasa hakuna aliyemuuliza kitu, hata saa. Mtu aliyezoea kutafutwa, ukimwacha akae bure unamuua polepole.

Jikoni kulikuwa na mwenyewe, naye ni mama mkwe wake. Mke wa Masjala, fundi cherehani, alishinda dukani kwake tangu asubuhi, na bibi huyo ndiye aliyewapikia. Vikopo vyake vya viungo vilikuwa kumi, vya bati, vyote sawa, vimepangwa kwenye rafu kuanzia dirishani. Havikuwa na maandishi hata herufi moja. Masjala kila akivitazama alipapasa mfukoni kutafuta kalamu.

Lakini wiki hiyo jikoni kulikuwa na moto wa aina nyingine. Fundi alikuwa ameona kitambaa cha kushikia sufuria kimeungua pembeni.

"Mama, hivi unaona kweli?"

"Naona mpaka unachonificha."

"Mimi sitanii, mama. Siku nikijua macho yamekushinda, siku hiyo hiyo jiko unaliacha. Utakaa sebuleni, utaletewa."

Usiku huo mama mkwe alilala bila kula. Kuletewa chakula! Kwa yule bibi, hayo yalikuwa mazishi ya mtu anayesikia.

Masjala naye aliyasikia yote hayo, ila akili yake ilikuwa kwenye vikopo. Kesho yake alimfuata mama mkwe na kopo moja baada ya jingine, amwambie majina. Bibi alifungua, akanusa, akataja. Masjala akaona huo ndio utaalamu, mpishi hodari hatazami, ananusa.

"Hii jira."

"Sisi tunaiita bizari nyembamba, mama."

"Iiteni mnavyotaka, itabaki jira. Na hii iliki."

"Hiliki."

"Iliki, mkwe wangu. Hiyo H umeitoa wapi?"

Hapo ndipo mtu mwingine angesema yaishe. Masjala hakuwa mtu mwingine. Ofisini kwao, kitu chenye majina mawili kilikuwa na dawa yake: jalada linakaa kwenye jina moja, na kwenye lile la pili unaweka kadi inayosema tazama kule. Kwa hiyo, mama mkwe alipokwenda kwa jirani, Masjala alivipanga vikopo vyote kwa alfabeti na kuvibandika majina kwa herufi kubwa nyekundu. Bizari nyembamba, giligilani, hiliki. Kisha akatafuta kopo la kumi na moja, tupu, akalibandika ILIKI, na ndani akatia kadi ndogo: TAZAMA HILIKI. Alirudi nyuma hatua mbili akajitazamia kazi yake, na kidogo machozi yamtoke.

Mama mkwe aliporudi alimwonyesha. Bibi akageuza uso kuelekea rafu, au tuseme kuelekea ukutani, karibu na rafu.

"Umepangusa vumbi? Ahsante, baba. Panang'aa."

Masjala alitegemea ugomvi, akapata shukrani. Alikwenda sebuleni akifurahi, wala hakujiuliza kwa nini bibi mwenye ulimi ule hakusema neno juu ya ile H.

Jioni fundi akarudi, wakakaa kula. Wali ulinuka dawa ya meno, maana karafuu zilikuwa zimemiminwa pale mdalasini ulipozoeleka. Fundi akatafuna, akatema, akatafuna tena kwa heshima. Halafu akavuta kitu mdomoni, taratibu, kama mtu anayetoa mwiba wa samaki. Akakikunjua kando ya sahani.

"Tazama hiliki," akasoma. Akainua macho. "Mama. Umepika karatasi?"

Mama mkwe aliacha kutafuna. Mkono wake ulikuwa unapapasa glasi ya maji, ambayo ilikuwa mbele yake wazi kabisa, wekundu wa jua la dirishani ukiwa ndani yake. Masjala aliutazama mkono ule. Herufi nyekundu vile kwenye vikopo, za ukubwa ule, na hakuziona! Ndiyo maana ananusa. Ndiyo maana ukuta ulishukuriwa. Akakumbuka neno la mkewe, siku hiyo hiyo jiko unaliacha.

"Nimepika mimi," akasema.

"Wewe? Wewe uliyeunguza yai la kuchemsha?"

"Nilitaka kumpumzisha mama."

Fundi alimtazama, akautazama wali. "Basi kuanzia leo sikutaki jikoni. Hata mlangoni usikanyage."

Alipoondoka kwenda kuoga, wawili wale walibaki mezani.

"Nilijua ni iliki imegandiana," bibi alisema kwa sauti ndogo. "Kopo la nne kutoka dirishani. Siku zote ni la nne, hata sihitaji kulinusa."

"Mama, mficha maradhi, kifo humuumbua."

"Mimi umeniumbua wali." Wakacheka, kisha bibi akajifuta macho kwa pembe ya kanga. "Ni mtoto wa jicho. Nina watoto wawili, mmoja wa jicho na mmoja wa tumbo, na huyu wa tumbo ndiye ninayemwogopa. Usimwambie, mwanangu."

Bibi hakuwa amewahi kumwita mwanangu. Masjala aliweka sharti moja, kwamba Alhamisi waende kwa daktari wa macho, na bibi akakubali baada ya kumwita majina mengine mawili matatu.

Alfajiri, kabla mwenye marufuku hajaamka, alirudisha vikopo kwa mpangilio wa bibi. Mchana alitoa kigoda nje, akakaa chini ya dirisha la jiko. Mlangoni hakukanyaga.

"Kitunguu kikoje?" sauti ikauliza kutoka ndani.

Masjala akasimama, akachungulia. "Bado cheupe, mama. Ngoja. Ngoja. Sasa!"

Baadaye mkono ukatoka dirishani na kopo tupu. "Hili limeisha. Andika, ukanunue. Iliki."

Masjala akatoa kalamu na kijidaftari. Bibi asingeona ameandika nini, wala hakuna mtu mwingine ambaye angeona. Akakaa na kalamu hewani kwa muda, mtu wa miaka thelathini na moja ya masjala. Kisha akaandika, akianzia na I.