Samaki Asiye na Kibanio

Royce Lattimer hakuhitaji kuzungumza na mvuvi ili amjue. Alimchungulia ndani ya makabati ya boti yake, akabeua midomo, basi. Alfajiri hiyo, boti mia moja na ishirini zilipokuwa zimejipanga kwenye gati la Ziwa Guntersville zikingoja kuitwa, alikwishapita mbele ya tano na kuzidharau zote. Moja ilikuwa na fito za kuvulia zilizosokotana kama nywele za mtu aliyetoka kitandani. Nyingine ilikuwa na bisbisi ndani ya kikombe cha kahawa. Mwenye boti ya tatu, bingwa wa mwaka jana, mwenye nembo za wafadhili hadi kwenye soksi, alikuwa amepiga magoti akitafuta koleo lake chini ya mkoba wa chakula.

"Liko kushoto, bwana, chini ya soseji," Royce alimwambia, akapita.

Kwake yeye hapakuwa na kitu cha kutafutwa. Kulia mwa sitaha ya mbele zililala fito ishirini na mbili, kila mmoja umevishwa ala ya rangi yake: nyekundu kwa chambo cha kuburuta chini, kijani kwa chura wa mpira anayerushwa juu ya majani, manjano kwa chambo cha kuzamia. Kushoto kulikuwa na masanduku bapa kumi na manne, majina yakitazama upande mmoja. Chini ya kiti kulikuwa na rafadha ya akiba ya injini, na spana ya rafadha hiyo ikiwa imefungwa juu yake. Betri zilikuwa zimejaa, nyaya zimebanwa, mataulo yamekunjwa mara tatu. Wavu haukuwamo. Wavu, kwa maoni yake, ulikuwa wa watu wanaoogopa kulowana. Nyuma kulikuwa na tangi la samaki hai, lililogawanywa sehemu mbili, na juu ya kifuniko chake vilining'inia vibanio vitano vyenye namba. Kila besi, samaki wa mashindano hayo, aliyemvua alibanwa mdomoni, uzito wake ukaandikwa, na akija mkubwa zaidi Royce alijua papo hapo ni yupi wa kurudishwa majini.

Pamoja na utaratibu wote huo, alikuwa ameshuka nafasi kwa miaka mitatu mfululizo. Haya yalikuwa mashindano ya mwisho ya msimu na hii ilikuwa siku ya mwisho. Asipofikisha ratili kumi na nane jioni, angeondolewa daraja la juu, arudi mjini Cullman kwenye duka la shemeji yake kuuza mashine za kukatia nyasi. Alikuwa na umri wa miaka hamsini na mmoja. Alilijua duka lile, na alimjua shemeji yake.

Kisha akaja mwenzake wa siku. Katika mashindano haya kila mtaalamu hupigiwa kura ya mvuvi wa ridhaa, ambaye huvulia nyuma ya boti na pia huwa shahidi. Kura ilimpa Royce mama wa miaka sitini na minane aitwaye Lorene Tidmore, aliyekuwa mpishi wa shule huko Scottsboro hadi alipostaafu. Alishika fito mbili. Vyambo vyake, minyoo ya plastiki, vilikuwa ndani ya mfuko wa mkate.

"Ndiyo hivyo tu, mama?" Royce aliuliza.

"Na skonzi zenye soseji. Nimekuletea nawe mbili."

"Mimi sili ndani ya boti."

"Shauri yako, mwanangu. Zitaliwa."

Royce akamwonyesha pa kukaa, pa kuweka miguu, na pa kutogusa, ambapo palikuwa karibu kila mahali. Lorene alisikiliza kwa adabu, kama alivyozoea kuwasikiliza walimu wakuu wanane waliopita jikoni kwake, kila mmoja akija kumfundisha kuchemsha maharagwe.

Ilipofika saa nne asubuhi Royce alikuwa na besi watano, kila mmoja na kibanio chake, jumla ratili kumi na saba na robo. Lorene alikuwa na wawili kwenye sehemu yake ya tangi. Ndipo ufito wa ala ya kijani ulipopinda na Royce akamwinua kwa mkono samaki wa sita, mnene, wa ratili tano hivi. Akimtoa yule mdogo na kumweka huyu, ameokoka.

Sheria ilikuwa nyepesi, na aliijua kuliko jina la mama yake: huruhusiwi kurusha mshipi tena ukiwa na samaki zaidi ya watano upande wako wa tangi. Ukirusha, samaki wako wote wa siku hiyo ni bure.

Alimtumbukiza mgeni tangini, akanyoosha mkono kuchukua mizani, na hapo akauona mfuko wa mkate. Ulikuwa umelala juu ya sanduku lake namba tisa. Mnyoo mmoja mwekundu ulikuwa umetoka nje na kugandama kwenye kifuniko, na plastiki mbili zile, kwa kuwa hazipatani, zilikuwa zimeanza kuyeyukiana.

"Mama! Unajua unachofanya?"

"Ninavua."

"Unaniyeyushia boti! Sanduku hili lina miaka sita halina hata mkwaruzo!"

"Basi lilikuwa linangoja kutumika."

Royce alifunga tangi kwa kishindo. Akatafuta dawa ya kusafishia, na kwa kweli hakuitafuta, ilikuwa mahali pake. Akasugua kifuniko, akasugua tena, akakunja taulo mara tatu, huku akieleza kwa sauti ya mtu anayesemea hadharani kwamba nchi hii imeharibiwa na watu wasiojua kuweka vitu. Alipomaliza alikuwa amepandwa na hasira. Akaenda mbele, akakanyaga mota ndogo ya umeme inayoendeshwa kwa mguu, akarusha.

"Mwanangu," Lorene aliita, "umeweka wangapi humu?"

"Wewe hesabu wa upande wako!"

Lorene akahesabu wa upande wake.

Ilikuwa saa sita mchana Royce alipomvua mwingine, akalifungua tangi, na kukuta midomo sita. Mitano ilikuwa na vibanio. Wa sita, mnene, alikuwa akizunguka bila alama yoyote, raha mustarehe. Samaki aliyekuwa mkononi mwa Royce alimponyoka, akarudi ziwani.

Tangu saa nne alikuwa amerusha labda mara mia tatu.

Alitazama majini kote. Hapakuwa na boti karibu. Kumtoa yule mdogo kungemchukua sekunde tatu, na vibanio vitano vingewakaa samaki watano, ratili kumi na tisa na ushei. Alijua. Tena alijua kwamba aliyekaa nyuma yake naye alijua. Ajabu ni kwamba hakuona aibu bado. Aliona uchungu tu wa kuwa mikononi mwa mtu wa mfuko wa mkate.

"Mama Tidmore," alianza, kwa heshima asiyoizoea, "unapenda fito nzuri?" Akafungua kabati. "Chagua. Chagua tano. Na hizi hapa, sanduku la vyura, jipya kabisa. Chukua na begi lake."

Lorene aliacha kutafuna. Macho yake yalipita polepole juu ya ala za rangi, majina yaliyotazama upande mmoja, mataulo. Hakukasirika. Alitazama vile mtu anavyotazama chumba cha hoteli kabla ya kusema ataendelea kutafuta.

"Sina pa kuviweka," alisema, akageuka kurusha mshipi wake.

Royce alibaki ameinama, kabati wazi. Alingoja Lorene atishe, ahubiri, adai zaidi. Mama yule alikuwa anavuta mnyoo wake chini ya majani, hana habari naye. Hapo ndipo aibu ilipomjia, nzito, hadi masikioni. Maisha yake yote alikuwa amedharau watu, na hakuwa amewahi kufikiri kwamba mtu angeweza kumdharau yeye bila hata kujishughulisha. Basi akatoa simu. Hakupiga kwa uaminifu, tusimsingizie. Alipiga kwa sababu hakuweza kukaa saa tatu zaidi mbele ya mgongo ule.

"Ni Lattimer," alimwambia mkurugenzi wa mashindano. "Nilirusha nikiwa na sita. Ndiyo. Tangu saa nne. Hapana, hakuna kosa la mwenzangu."

Kisha akawatoa samaki vibanio, mmoja mmoja, akawarudisha ziwani wote sita. Yule mnene aliondoka wa mwisho, bila haraka. Royce akakaa kwenye kiti cha usukani na kushika ufunguo.

"Unakwenda wapi?" Lorene aliuliza.

"Gatini. Nimekwisha."

"Uliyekwisha ni wewe. Mimi nina wawili, na ninaruhusiwa watatu, hadi saa tisa." Akaelekeza kidole. "Nisogeze pale kwenye majani yaliyokufa. Taratibu, usiwashtue."

Hakuna aliyewahi kumwambia hivyo ndani ya boti yake. Royce akaenda mbele. Saa nzima na zaidi alikanyaga mota ile kwa ajili ya mnyoo wa mtu mwingine, upepo ukimsukuma naye akirudisha, fito zake ishirini na mbili zimelala ndani ya ala zao. Yalikuwa majani ambayo yeye asingejisumbua kuyatazama.

Ufito wa Lorene ulipinda hadi ncha ikagusa maji.

"Wavu!" alipiga kelele. "Lete wavu!"

"Hakuna wavu!"

"Boti yote hii?"

Samaki alichomoka nje, mkubwa kuliko yeyote wa siku hiyo, akatikisa kichwa, akazama tena. Mshipi ulilia. Royce alipita juu ya masanduku, akasikia moja likivunjika chini ya kiatu, akajitupa kifudifudi ukingoni na kuutia mkono majini hadi begani.

"Taratibu," Lorene alisema juu yake. "Taratibu, mwanangu. Huyo ni wangu."

"Najua," Royce alisema, uso wake karibu na maji, akipapasa.