Kijito Kilichonyamaza Mvua Ikinyesha

Mvua haikuwa imekatika tangu Say, mke wa mwanangu Khua, ajifungue mtoto wa kiume. Tulitundika tawi bichi mlangoni ili watu wasiingie. Yeye alikaa kando ya moto akila kuku wa kuchemsha, mimi nachambua iliki. Asubuhi ile nikahisi kitu kimepungua, na ikanichukua muda kujua ni sauti. Kijito cha nyuma ya nyumba kilikuwa kimenyamaza.

Nilitoka nikakuta mawe matupu na samaki wadogo wanapigapiga mikia kwenye tope. Mvua yote ile, na maji hayashuki. Basi mlima ulikuwa umeporomoka huko juu kwenye ukungu, ukayaziba. Yakishajikusanya yangekuja yote kwa pamoja.

“Mfunge mtoto mgongoni,” nikamwambia Say.

“Mama, mwezi haujaisha.”

Alikuwa na haki ya kuogopa. Kwetu Wahmong, mwanamke aliyejifungua haingii nyumba ya mtu kabla ya mwezi kwisha; mizimu ya wenyewe hukasirika, na maradhi huingia mle.

Tukatoka hivyo hivyo, tukapanda matuta ya mpunga tukiteleza hadi kwa shemeji yangu Chu. Alisimama katikati ya mlango wake.

“Shemeji, nina wajukuu humu ndani,” akasema, hanitazami. “Zizi la nyati wa kulimia lipo, nitawaletea moto.”

“Zizi lako liko bondeni, Chu. Kamlaze mkeo huko kwanza.”

Hakusogea.

Ikabaki nyumba ya wageni ya Khua, kule juu kabisa, anakowalaza wazungu wanaokuja kutazama mawingu yakiwa chini yao. Mwenyewe alikuwa mjini. Sikuwahi kukubali kulala mle, maana haina madhabahu ya wazee waliotangulia. Siku ile ndilo lililotufaa: hakuna wa kukasirika. Wa kumlinda mtoto pia hakuna, niliwaza.

Nguo zetu hazijakauka, ardhi ikaanza kutetemeka. Tukiwa barazani tuliona maji meusi, magogo na mawe, yakipita pale palipokuwa na paa letu. Yalipita kwa muda mrefu.

Mtoto alikuwa ananyonya, hana habari. Say akauliza polepole, “Mama, na kondo lake la nyuma?”

Tulikuwa tumelizika chini ya nguzo ya katikati. Mtu akifa, roho yake hurudi kulichukua, ndipo iweze kwenda kwa wazee. Nguzo ilikuwa imeondoka, na udongo wake.

Nikamfunika mtoto kwa shuka nyeupe ya wageni.